Kuwatembeza Wagonjwa Munich

Kitu cha kwanza cha kumuonyesha mgeni kutoka Muscat akifika Munich ni choo. Si kanisa, si kasri la wafalme, si saa ya mnarani yenye masanamu yanayocheza. Muonyeshe choo kiko wapi, mpe chupa ya maji ya kuingia nayo, kisha mwambie kibla kiko upande gani wa chumba chake. Baada ya hapo mpeleke popote na atakusifu kwa watu. Usipofanya hivyo, hata umpandishe kwenye milima yenye theluji atarudi nyumbani akisema alitembezwa na mtu asiyejua kazi.

Nimestaafu, nakaa Ansab, hapa Muscat, na hazipiti siku nyingi bila mmoja wenu, vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni, kunipigia simu kuniuliza jambo lilelile aliloniuliza mwenzake. Basi someni hapa, mniache nilale mchana.

Kwa miaka mingi nilikuwa katika ofisi moja ya safari pale Qurum. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu Munich kila kiangazi, nusu wakienda kutembea na nusu wakienda kutibiwa, na wengi hawakuwa na hakika wamo katika nusu ipi. Kijerumani nilikipata Unguja nikiwa msichana, kwa jirani yetu mmoja wa Kijerumani, wakati Wajerumani wa Mashariki walipokuja kujenga maflati. Nilipohamia Oman kikakaa bure kama koti la baridi kabatini, mpaka ofisi ile ikatafuta mtu wa kukisema. Siku hizi nyinyi simu zenu zinatafsiri zenyewe, na nimesikia zinatafsiri vizuri. Sina ugomvi nazo.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Hilde, mwenyeji wa mji ule, mtembeza wageni tangu ujana wake. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakuwahi kufungua kitabu mbele ya mgeni. Aliniambia mwenye kusoma kitabu huku anatembea atajikwaa, na wageni watakumbuka alivyojikwaa, si alichosoma. Yeye alisimama mahali, akataja jambo moja, akanyamaza. Mgeni akiuliza, anajibu. Asipouliza, wanasonga mbele.

Jambo alilopenda kuanza nalo ni chumvi. Mji ule, alisema, ulizaliwa kwa ugomvi. Zamani sana magari ya chumvi yalivuka mto kwenye daraja la askofu mmoja, na askofu akitoza ushuru. Mtawala wa eneo lile akaona wivu, akalichoma daraja la askofu, akajenga lake mbele kidogo, karibu na walipokuwa wakikaa watawa. Chumvi ikapita kwake, soko likaota, mji ukawa mji, na jina la watawa likabaki katika jina la mji mpaka leo. Wageni wangu wenye biashara zao kwenye viwanda vya Rusayl walikuwa wakiipenda habari hii kuliko zote. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyo mtawala angekuwa Muscat angefika mbali."

Pale Marienplatz, uwanja wa katikati, mtawakuta watu wamekodolea macho juu. Wanaitazama saa ya jumba la baraza la mji, ambayo ikilia, masanamu ya mashujaa na mafundi wa mapipa yanazunguka na kucheza. Msisimame chini yake, shingo zitawauma. Rudini nyuma, upande wa pili wa uwanja. Jumba lenyewe lina minara na masanamu mengi, na kila mgeni hudhani ni la zama za kale. Si la kale hivyo, lilijengwa tu lifanane na la kale. Nilipolisema hilo, wageni wengine walinuna kana kwamba nimelijenga mimi.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa kubwa lenye minara miwili yenye vilemba vya mviringo. Mlangoni sakafuni pana alama ya unyayo, na wenyeji husema ni wa shetani. Ukisimama pale huoni dirisha hata moja, nguzo zinayaficha yote. Shetani alifurahi akidhani kanisa ni la giza, akapiga hatua moja mbele, akayaona madirisha, akakasirika akakanyaga. Asiyetaka kuingia kanisani msimlazimishe, mkalisheni nje penye chemchemi. Bwana mmoja wa Bahla, mji ambao kila Muomani anaujua kwa habari zake za majini, aliutazama ule unyayo kwa muda, akasema jini wa kwao angefanya zaidi ya hapo.

Sasa niwaambie kuhusu Bustani ya Kiingereza. Ni kubwa mno, ina mito na miti mirefu, na mwanzoni mwake kuna mfereji wa maji ya kasi ambapo vijana husimama juu ya vibao wakicheza na wimbi moja lisilokwisha. Waonyesheni wageni wimbi hilo, watasimama hapo hata saa nzima. Lakini jueni njia. Mara yangu ya kwanza kwenda bila Bi Hilde nilikata njia ya mkato kupita kwenye majani, nyuma yangu akiwa mzee mmoja wa heshima na mkewe. Tukatokea mahali ambapo Wajerumani hujianika juani kama walivyozaliwa, wake kwa waume, na sheria inawaruhusu. Yule mzee aligeukia mti uliokuwa karibu akaukazia macho kana kwamba umeandikwa kitu. Mkewe alinishika mkono akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Masikini, wote hawa wameibiwa nguo?"

Udi msiuache ufukizwe ndani ya hoteli. Najua mtasema mnajua. Na mimi nilikuwa nasema hivyo, mpaka hoteli nzima ilipotolewa nje, wazee kwa watoto, wazima moto wakapanda na mashoka, wakakuta mama mmoja ametulia kitandani anafukiza mashuka na chetezo chake. Aliwapa kahawa na halwa, na nasikia walikula. Kuanzia hapo nilikuwa nakusanya vyetezo mlangoni siku ya kwanza.

Na kivutio kikubwa kuliko vyote hakimo katika kitabu chochote, nacho ni mvua. Bi Hilde ilimchukua muda kulielewa hilo. Mawingu yakifunga, yeye alikuwa akikimbia kugawa miavuli, na wageni wangu, waliotoka Muscat Julai wakiwa hawawezi kugusa mlango wa gari kwa moto, walikuwa wanaikataa. Walisimama katikati ya njia wamefumba macho, wakilowa. Mwishowe Bi Hilde akawa anaacha miavuli nyumbani, na akitabiri mvua anasema kwa fahari, kana kwamba kaiagiza yeye.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa kwa wenye afya. Wagonjwa ni habari nyingine, na mgonjwa ninayetaka kuwasimulia ni Bi Zuhura.

Mnajua wenyewe desturi yetu. Mzee akipata ugonjwa mkubwa haambiwi. Ugonjwa wenyewe hautajwi, unaitwa "ule ugonjwa". Watoto wanakaa kikao, wanajua wote, wakwe wanajua, majirani wanajua, mwenye duka la kona anajua. Asiyejua ni mwenye ugonjwa wake. Nia ni njema, wanaogopa mtu atakata tamaa. Familia nyingi nilizozisindikiza ziliniagiza hivyo, nami niliifuata desturi kama nilivyofuata ratiba ya ndege.

Khalfan, mtoto wa Bi Zuhura, alikuwa meneja wa kiwanda kimoja Rusayl, mtu wa kusema mara moja na watu wakatenda. Tukiwa uwanja wa ndege Muscat alinivuta pembeni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele kidogo, anatazama watu.

"Bi Rahma, mama anajua tunakwenda matembezi," akasema. "Tumbo lake tumemwambia ni gesi. Hospitali mwambie kila mgeni mtu mzima akiingia Ujerumani lazima apimwe."

"Na akiniuliza mbona wengine hawapimwi?"

"Mwambie wanapimwa mlango mwengine."

Basi tukawa na safari ya ajabu. Asubuhi Bi Zuhura anatolewa damu na kuingizwa kwenye mashine, mchana namtembeza mjini. Alikuwa bibi wa Kizanzibari hasa, mfupi, kanga yake begani hata juu ya abaya, na ulimi wake hauna breki. Kwenye kasri la Nymphenburg nilimpeleka kwenye ukumbi wenye picha za wanawake wazuri. Mfalme mmoja aliwakusanya kwa macho yake, matajiri na hata binti wa fundi viatu, akaamrisha wachorwe na kutundikwa ukutani. Bi Zuhura alizipitia zote kwa makini, kisha akauliza, "Na mkewe alikuwa wapi?" Nikamwambia alikuwemo humohumo ndani ya kasri. "Basi huyo ndo angechorwa," akasema, "tuuone uso wake."

Siku nyingine, tukitoka hospitali, alisema pasi kumtazama mtu, "Mji mzuri. Lakini matembezi gani haya ya kutolewa damu kila asubuhi?" Khalfan akajibu haraka kwamba Wajerumani ni watu wa nidhamu.

Majibu ya vipimo yakakamilika. Daktari akatuita mimi na Khalfan, akasema kesho yake anataka kuzungumza na Bi Zuhura mwenyewe. Uvimbe ulikuwa kwenye utumbo, na bado unaweza kutolewa, lakini si wa kungojea. Kwao mgonjwa mwenye akili zake ndiye anayeambiwa na ndiye anayekubali. Asipokubali kwa mdomo wake, hakuna atakayemgusa kwa kisu.

Nje, kwenye maegesho, Khalfan alikuwa ameshapanga. "Kesho daktari akisema, wewe mwambie mama anataka kumsafisha gesi. Akisema ndio, tayari kakubali. Kwisha."

"Khalfan, atapasuliwa tumbo na yeye anajua anasafishwa gesi?"

"Baba aliambiwa," akasema. Alikuwa ameshika mlango wa gari, haufungui. "Daktari wa India alimwambia hivihivi, mbele yetu. Akarudi nyumbani akageukia ukuta. Hakula tena, hakusema tena. Si ugonjwa uliomuua, Bi Rahma, ni yale maneno. Mama simpi maneno yale."

Alimpenda mama yake, na alichokisema kilikuwa kimemtokea kweli. Nilimwambia nitafikiri, tukaondoka.

Jioni ile niliwapitisha kwenye bustani ya michezo, ile yenye mapaa ya kioo yaliyotandazwa kama mahema. Pana ziwa dogo, na nyuma ya ziwa kilima cha kijani. Khalfan akaenda kutafuta aiskrimu. Mimi nikakisimamisha kiti cha Bi Zuhura penye kivuli, tukawa tunatazama watu waliolala majanini, watoto wanabingirika kushuka.

"Kilima hichi ndo cha pekee nlichokiona mji mzima," akasema. "Kwengine kote tambarare."

Nikamweleza kama Bi Hilde alivyonieleza. Kilima kile si cha Mungu. Siasa zilizokuja kuuchoma ulimwengu kwa vita vikuu vya pili zilikulia katika kumbi za bia za mji ule, na mwisho wake moto ukarudi nyumbani. Ndege zikaubomoa mji kwa mabomu. Waliobaki wakaokota mawe yaliyofaa, wakajenga tena makanisa na majumba yao kama yalivyokuwa, na kifusi kisichofaa kikapakiwa kwenye vigari vya reli kikaja kumwagwa hapa, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikawa kilima. Kisha wakakipanda majani. Bi Hilde alikuwa mtoto, aliviona vigari vikipita mbele ya mlango wao. Kila alipoleta wageni alikuwa akionyesha kwa kidole akisema, "Humo ndani limo jiko la bibi yangu," na hakuongeza neno.

Bi Zuhura akauliza, "Na hawa waliolala hapo juu wanajua?"

"Wanajua. Wanafundishwa skuli."

"Wanajua, na wanakula aiskrimu juu yake."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Basi wao afadhali," akasema. "Wanajua walichokikalia." Akaweka kiganja tumboni, chini ya abaya, akakiacha hapo. "Rahma. Mie n'na nini humu?"

Kazi hii itakupeni maswali mengi, mengine ya kuchekesha. Hilo ndilo pekee lililonifanya nitake kukaa chini. Nilimtazama Khalfan kule kwenye foleni, nikamtazama yeye. Nikamwambia, "Kesho daktari atakwambia mwenyewe. Na mimi nitakutafsiria kila neno, silipunguzi wala siliongezi."

"Hayo tu nlokuwa nayataka," akasema.

Khalfan akarudi na aiskrimu tatu zinamtiririka mkononi. Bi Zuhura akaila yake yote. Tulipofika hoteli nilimwita Khalfan ukumbini, nikamwambia nitatafsiri atakachosema daktari kama kilivyo, na kama hataki basi amtafute mtu mwingine kabla ya asubuhi. Alinijibu kwa Kiarabu, maneno ambayo hayafai kuandikwa kwa vijana. Lakini asubuhi gari lilipokuja, alinifungulia mlango nikaingia. Alikuwa hakulala, macho yalimwiva.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo. Khalfan alikaa katikati yetu, kiti chake amekisogeza mbele kuliko cha mama yake. Daktari alikuwa hajafungua mdomo, Bi Zuhura akasema, "Khalfan, baba, hebu toka nje kidogo."

"Mama, mie nna haki ya kuwepo."

"Nnataka kumuuliza daktari mambo ya kike."

Hakuna mwanamume wa Kiomani anayejua la kujibu hapo. Akatoka. Alipopita karibu yangu alinitazama, na sikuona hasira tena, niliona mtu anayeomba.

Daktari akaeleza polepole, kwa vituo, nami nikafuata. Una uvimbe kwenye utumbo. Ni saratani. Nililitamka neno lile, ambalo miaka yote nilikuwa nalizunguka kama shimo njiani. Bi Zuhura aliitikia kwa kichwa tu.

"Nlijua," akasema. "Gesi haiwi ngumu. Muulize, mamake yuhai?"

Daktari akashangaa, akasema yuko hai.

"Angekuwa mamake ndo anao, angemfanyaje?"

"Ningempasua wiki hii hii."

"Anaweza kufia huko mezani?"

"Anaweza. Wengi hawafi."

"Akipona, atakula wali?"

Daktari, nilipomtafsiria, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Akasema baada ya muda, taratibu, ndiyo. "Basi na apasue," akasema Bi Zuhura, akaweka saini yake kwa herufi za Kiarabu, nzuri, za chuo cha Kurani.

Kama mnataka kujua iwapo alipona, alipona. Alirudi Ansab, tukawa majirani, na alikula wali wake kwa miaka. Lakini hiyo ni kazi ya daktari, si yangu.

Daktari alipotuacha akaenda kupanga mambo ya chumba cha upasuaji, Bi Zuhura alinishika mkono. "Sasa wewe huko nje usimwambie kitu. N'tamwambia mwenyewe. Huyu tangu mdogo khabari nzito zikimfika ghafla humuuma tumbo."

"Atanila mzima mie, Bi Zuhura."

"Akule. Nenda kamwite."

Khalfan alikuwa amesimama dirishani mwisho wa ukumbi, kofia yake ameishika mkononi anaizungusha. Aliniona akaja mbio. "Kasema nini? Kaambiwa? Yukoje? Kasema nini mama?"

Miaka yote niliyofanya kazi ile watu walikuwa wakiniuliza fulani kasema nini, na kila mara nilijibu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikilipwa. Nilimwambia, "Mama yako anasema Kiswahili, na wewe unasema Kiswahili. Kamuulize mwenyewe."

Akaenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, hakukigeuza. Akaniuliza bila kugeuka, "N'anze vipi?"

"Muamkie kwanza," nikamwambia.

Akagonga. Nikamsikia akisema, "Shikamoo mama," na nikasikia akiitikiwa, kisha mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, maana mle ndani hapakuwa na kazi yangu.